Mrejesho: SUV ya umeme kwenye milima ya Mbeya

Wakuu, niliuliza kama SUV ya umeme itaiweza milima ya huku Mbeya. Gari ninalo sasa, na nguvu si tatizo hata kidogo. Kinachotaka akili ni chaji.

Kushuka Isyonje kwenda Tukuyu hadi Kyela ni raha tupu: ukiachia pedali mota inageuka jenereta, asilimia kwenye kioo zinapanda, breki unazigusa mara chache. Kurudi sasa! Kyela iko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini 1,700. Ukipakia na magunia ya mchele, chaji inakatika unaiona. Baridi ya Julai nayo, hita inakula.

Aliyenishauri nivute waya mnene wa peke yake kwa ajili ya kuchajia nyumbani, asante sana. Nachaji usiku kucha, soketi haipati moto.