Apu ya ramani "isiyohitaji bando" imeniulia vifaranga 37, someni kabla hamjalipia

Wakuu nina hasira, mnivumilie nikiandika kirefu.

Mimi naendesha kirikuu, nabeba mizigo ya watu Kariakoo, Tegeta, Kibaha, popote mteja anapoita. Zamani ulikuwa unaelekezwa kwa simu, ukifika kwenye mwembe pinda kushoto uliza kwa mama fulani, siku hizi mtu anakurushia lokesheni WhatsApp anaendelea na mambo yake, kwa hiyo apu ya ramani kwangu ni kitendea kazi kama jeki na spea taili. Mwezi wa tatu nikasema ngoja nitafute ya maana. Nikakuta moja ina nyota nne na nusu, watu wanaisifia balaa, na juu kabisa wameandika kwa herufi kubwa INAFANYA KAZI BILA INTANETI. Nikalipia 12,000 ya mwezi, nikashusha ramani ya Tanzania nzima na bando la usiku, nikajua nimemaliza.

Wiki iliyofuata nikapakia vifaranga 400 vya siku moja pale Kibaha, maboksi manne, vinaenda Mabwepande kwa mama mmoja mfugaji. Njia ninayoijua ni kurudi na Morogoro Road nizunguke kote kule, apu ikaniambia kuna ya mkato kupitia Mpiji Magohe, naokoa dakika 50. Vifaranga na joto haviendani, nikaona afadhali.

Mpiji Magohe nimepita vizuri tu, usiku mvua ilinyesha, tope lipo lakini gari inaenda. Mbele kidogo mtandao ukakata. Nafika njia panda, njia tatu, sauti ya kunielekeza kimya, natazama simu nakuta tangazo la gemu limejaa kioo kizima, alama ya kulifunga ndogo kama punje ya mchele, ukiigusa inataka kukupeleka Play Store na Play Store haifunguki kwa sababu mtandao hakuna. Tangazo la nini na mimi nimelipa? Nikaifunga apu yote nikaifungua upya, ikaniambia niingie kwenye intaneti ihakiki malipo yangu. Yaani ile huduma ya bila intaneti niliyoilipia inataka intaneti ndo ikubali kwamba nimeilipia!!

Nikapanda kilimani nikapata mtandao kidogo, ikaamka, ikasema nyooka mita 800. Nikanyooka. Njia ikaanza kubana, majani yanakwaruza milango pande zote mbili, halafu barabara ikaisha. Mbele kuna korongo, mchanga mweupe na maji ya kahawia yanapita katikati, ng'ambo naona kinjia kinaendelea, na ule mshale wa bluu bado unaniambia twende. Daraja hakuna. Kulikuwa na mzee analima mchicha pale pembeni, nikamwamkia, akaniambia mwanangu hapa wanavuka watu na ng'ombe, na wewe ni gari la tatu mwezi huu.

Kugeuza, tairi la nyuma likazama. Kulitoa ni masaa mawili na nusu, vijana sita, 30,000. Nilipofungua boksi la chini vifaranga vimejibana kona moja midomo wazi, vya chini yao vimelala mbawa zimetanuka. 37. Mama wa watu hata hakunigombeza, alivihesabu kimoja kimoja akivitia kwenye ndoo, akasema baba, hela ya hivi nilikopa kikundini. Kwa 1,800 kila kimoja ni 66,600 na ninamlipa mimi. Wenye apu nimewaandikia mara tatu, jibu ni lile lile, asante kwa maoni yako, tafadhali sasisha toleo.

Sasa kinachoniuma zaidi nimekijua baadaye. Chini kabisa kwenye hiyo apu, kwa maandishi madogo, wameandika ramani yao inatoka OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Nikaenda kuiangalia yenyewe. Kile kinjia kimechorwa kama njia ya watembea kwa miguu! Aliyekichora alifanya kazi yake vizuri, taarifa ilikuwepo, wao ndo wameichukua wakaigeuza njia ya mkato ya gari ili wakuonyeshe dakika ulizookoa.

Na hili la bila intaneti ni ujanja wa kuuzia. GPS yenyewe haili hata senti ya bando, simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti zilizo kama kilomita 20,200 huko juu, ikizipata nne inajua ulipo, hata laini usiwe nayo. Kinachokula data ni kuivuta ramani, kutafuta jina la mahali na taarifa za foleni. Kwa hiyo usiulize kama inafanya kazi bila intaneti, uliza kama ramani, utafutaji na kupanga njia vyote vimo ndani ya simu. Weka simu hali ya ndege, izime uiwashe, andika unakokwenda, uone kama inakupangia njia mpaka mwisho, hapo ndo utoe hela. Mimi sikufanya hivyo.

Tangu siku ile nimejaribu Organic Maps na OsmAnd, zote mbili kwenye hali ya ndege zimenipangia njia, Organic Maps ni ya bure na haina tangazo hata moja, OsmAnd menyu zake zinachosha na ya bure ina kikomo cha ramani za kushusha. Google Maps ukishusha eneo kabla hujatoka inakuelekeza kwa gari, ila foleni huzioni mpaka uwashe data. Lakini hizo zote nimezipimia mjini na mjini kila mtaa unajulikana. Ninachotaka ni watu wanaopita pembezoni, Chanika, Msumi, Mpiji, Kisarawe ndani ndani huko, wakati wa masika na gari ina mzigo. Kama una apu inayojua lami, vumbi na kinjia cha ng'ombe ni vitu vitatu tofauti, itaje hapa na useme umepita nayo wapi, maana Alhamisi nina vifaranga vingine 300 vya mama yule yule.