Duka la Nakuru limeniuzia mashine ya kupima mwendo wa risasi bila vifuniko, sasa linasingizia risasi zangu

Wadau wa shabaha, nina hasira na sitaificha. Kuna duka hapa Nakuru, jina nalihifadhi kwa sasa, limeniuzia kronografu ile ya macho mawili na namba zake hazina kichwa wala miguu. Kila nikilalamika naambiwa, "Badilisha risasi, bosi." Nakataa. Risasi ni nzima.

Natumia .22, yaani risasi ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22 hivi, ya mwendo wa chini. Kasha linasema futi 1,070 kwa sekunde, yaani kama mita 326. Jumamosi adhuhuri mashine ilinipa 318, ikaruka hadi 361, ikaandika kosa, halafu 297. Kasha lilelile, bunduki ileile. Hiyo 361 itazameni vizuri. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, na risasi ikiipita hupasua hewa kwa mlio mkali ambao kila aliyezoea .22 anaujua. Tulikuwa watu kadhaa bandani na hakuna aliyeusikia. Mwenzetu akaleta mashine yake ya rada, tukapima risasi moja kwa mashine zote mbili. Ya rada ilitulia kwenye 320 na ushee, yangu ikaendelea kurukaruka. Nikamtumia muuzaji picha za vioo vyote viwili. Akasema rada nayo hukosea, akaacha kujibu.

Kwa wasioifahamu mashine hii: haioni risasi, inaona kivuli chake. Risasi ikipita juu ya jicho la kwanza mwanga unapungua kidogo, saa inaanza kuhesabu; ikipita la pili, saa inasimama. Kati ya macho hayo kuna futi moja tu. Kwa mwendo wa risasi yangu safari hiyo inaisha kabla hata elfu moja ya sekunde haijatimia. Jicho likichelewa au likiwahi kwa muda usiofika hata sehemu moja kati ya elfu kumi ya sekunde, 326 inaweza kugeuka 361. Ndiyo maana mwanga ni kila kitu.

Na mwanga wa hapa kwetu mnaujua. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, saa sita jua liko utosini, na macho ya mashine yanatazama juu moja kwa moja. Jua linayapiga wazi, kivuli cha kitu chembamba kama .22 kinapotea. Kwa sababu hiyo mashine hizi huwekewa vifuniko vyeupe juu ya macho, vya kutawanya mwanga. Kwenye picha za tangazo la duka vifuniko vipo. Kwenye boksi nililokabidhiwa havikuwemo. Nilipouliza, kijana wa kaunta akasema hivyo ni vya nchi za baridi! Jamani, mtu anayeuza kifaa cha vipimo anathubutuje kumwambia mteja hivyo?

Akanielekeza pia niiweke mita moja kutoka mdomo wa mtutu. Kwa bunduki ya baruti huo ni ushauri mbovu. Mlipuko unafika kwenye macho pamoja na moshi na chembe za baruti, na kwa risasi iliyo chini ya mwendo wa sauti, wimbi la mlipuko linaweza kuitangulia na kuamsha jicho. Mita tatu hadi tano ndiyo salama. Nilisogeza, makosa yakapungua lakini hayakuisha. Betri niliweka mpya. Taa za tyubu za bandani tulizima, maana nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu na macho huzihesabu kama vivuli.

Mwishowe nilikata mtungi mweupe wa mafuta ya kupikia, nikaukunja kama paa juu ya kila jicho na kuushika kwa waya. Risasi za kasha lilelile, adhuhuri ileile ya jua kali: 324, 327, 322, 326. Kwa hiyo kilichokosekana ni kile walichonionyesha kwenye picha, wakanilipisha, wasinipe.

Risiti imeandikwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Maandishi ya risiti hayafuti sheria. Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, na ile ya mauzo ya bidhaa iliyokuwepo tangu zamani inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Nataka vifuniko vyangu au pesa yangu, na ujumbe wa M-Pesa ninao.

Kama ulinunua mashine hii Nakuru, Kisumu au Eldoret ukaambiwa risasi zako ni mbovu, andika hapa: boksi lilikuwa na nini, ulipima saa ngapi, jua au mawingu, na mashine ilikuwa umbali gani kutoka mtutu. Weka na picha ya tangazo kabla hawajaifuta.