Mayai ya kuku kwa projekti ya bakteria, napata wapi Dar?

kijana_wa_temeke: Wakuu habarini. Niko mwaka wa mwisho, supavaiza kagoma panya, kasema nitumie viinitete vya kuku kuangalia E. koli ipi kali ipi ya kawaida. Sasa nikichukua tu trei dukani nikaweka kwenye mashine ya kutotolesha itakubali? Na kuna jamaa anadai yai ni mambo ya kizamani, watu wamehamia kwenye samaki.

dada_maabara: Trei la dukani utaishia kupiga zege tu mdogo wangu, mayai ya kisasa yale majike hayajaona jogoo, hayana mbegu. Tafuta mtu anayetotolesha vifaranga. Weka nyuzi 37.5, ikifika siku ya saba mulika na tochi, ukiona mishipa ya damu imetambaa liache, lililo jeupe toa. E. koli wengi wanaichoma kwa sindano siku ya 12, kwenye maji ya alantoisi (kifuko kinachozunguka kiinitete), wanaziba tundu kwa nta halafu kila siku unamulika kuhesabu vilivyokufa. Na lazima uwe na kundi la kuchomwa maji ya chumvi matupu, maana sindano yenyewe inaua.

mfugaji_chanika: Muulize huyo mfugaji kuku wake wamekunywa dawa gani. OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki) tunayowawekea kwenye maji kila wakikohoa inaingia mpaka kwenye yai, bakteria wako watadhoofika humo ndani wewe utaandika eti hawana ukali.

mzee_darubini: Kizamani kivipi? Klamidia na riketsia ni bakteria wasioota kwenye agari (ile jeli ya kuoteshea maabara), wanataka seli hai. Mtafiti Cox 1938 aliotesha riketsia kwenye mfuko wa kiini cha yai, na miaka ya 1950 Wachina wakampata mdudu wa trakoma (ugonjwa wa macho) kwa njia hiyohiyo. Zebrafishi, huyo samaki mdogo wa maabara, naye ana lake, kiinitete chake unaona mpaka ndani, ukimchoma Mycobacterium marinum, ndugu wa mdudu wa TB, aliyetiwa rangi ya kung'aa, unaangalia laivu makrofeji (seli za kinga) zinavyommeza na vinundu vinavyojengeka. Ila siku hizo za mwanzo ana kinga ya asili tu, na anafugwa kwenye nyuzi 28, kwa hiyo mdudu aliyezoea 37 hapo si mwenyewe. Kwa E. koli ya kuku baki na yai.

kijana_wa_temeke: Shkamoo mzee, nimekupata. Nikimaliza nayatupa wapi?

dada_maabara: Otoklevu kwanza (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), nyuzi 121, na uyape muda maana joto linachelewa kufika katikati ya yai. Atakuja mtu kuomba ya mbwa wake, usimpe.