Kitabu gani cha watoto cha Australia kimekuganda kichwani? Tupeane uzoefu

Mama Pacha (Adelaide):
Wadau, habari za Jumapili. Jana napanga upya kabati nikakikuta Possum Magic cha wanangu. Jalada limeachia, ukurasa mmoja una alama za meno. Nikakaa chini, kazi ikaishia hapo.

Kwa msiokijua: ni cha Mem Fox, 1983, michoro ya Julie Vivas. Bibi Poss, posamu (mnyama mdogo wa mitini), kamfanyia mjukuu wake Hush uchawi asionekane, nyoka wasimpate. Siku mjukuu anataka kujiona tena, bibi kasahau dawa! Anachokumbuka ni kwamba ni chakula cha binadamu. Basi wanazunguka nchi nzima wakila mji kwa mji: Vegemite (ile ya hamira ya kupaka mkate, chumvi tupu) Darwin, pavlova (keki ya ute wa yai) Perth, lamington (keki ya chokoleti na nazi) Hobart.

Mimi wakati huo nina miezi minne tu Australia. Usiku nasoma, asubuhi watoto wanadai walichosikia. Vegemite niliipaka nene kama siagi ya karanga. Tuliitema wote watatu kwenye sinki moja. Baadaye nikaja kujua mwandishi mwenyewe amekulia Zimbabwe, misheni, nikamsamehe.

Haya, nyie je?

Mtoto wa Mufindi:
Snugglepot and Cuddlepie, cha May Gibbs, 1918. Vitoto vinavyoishi kwenye mikaratusi, vimevaa vikofia vya vitunda vyake. Mara ya kwanza nakifungua maktaba ya mtaani Melbourne niliguna kwa sauti. Si ndivyo vile tulivyokuwa tunaokota njiani kwenda shule tukavisokota kama pia? Miaka yote nilijua mkaratusi ni mti wa kwetu. Bibi alituchemshia majani yake tukipata mafua, tunajifukiza chini ya blanketi. Kumbe mgeni ni mti, na sasa mgeni ni mimi.

Ila yale majitu ya banksia (mti wa huku Australia) humo ndani, jamani. Tunda la banksia kweli limejaa vidomo wazi, huyo mama hakutunga sana. Mwanangu hadi darasa la tatu alivuka barabara kukwepa mti mmoja wa jirani.

Kibonge:
Mkuu, mimi nina miaka 34 na bado navuka.

Wa Saba Kati ya Tisa:
The Magic Pudding, Norman Lindsay, nacho cha 1918. Pudini inaitwa Albert, ina miguu, ina matusi, ukiikata haipungui, na usipokula inakasirika. Darasa zima linacheka, mimi nawaza nyumbani kwetu: watoto tisa, sufuria moja. Mle ndani kuna wezi wawili, posamu na wombati (mnyama mnene wa huku anayechimba mashimo), wanaoiandama hiyo pudini. Kila mtu alikuwa upande wa wenye mali. Mimi nilikuwa upande wa wezi, waziwazi, na mwalimu alijua.

Njiwa wa Nyarugusu:
Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi, acha niandike.

Nilifika Adelaide na miaka kumi na moja, Kiingereza cha kuokoteza. Mwalimu akatusomea Storm Boy cha Colin Thiele, cha 1964. Mtoto anaishi na baba yake kibandani huko Coorong, kwenye mchanga kati ya maji ya ndani na bahari kuu. Analea vifaranga vitatu vya mwari. Wakikua anawaachia, mmoja anarudi, Mr Percival. Halafu wawindaji wanampiga risasi.

Maneno mengi yalinipita, lakini hilo nililielewa lote. Kambini nilikuwa na njiwa, nikamwachia jirani asubuhi ya kuondoka, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari zake. Niliomba ruhusa, nikalia chooni mpaka kengele.

Mwaka juzi nilimpeleka baba Coorong. Kiingereza hajui, kwa hiyo njia nzima namsimulia kwa Kiswahili, hadi kifo cha ndege. Hakusema kitu. Tulipofika mwari walikuwa wengi juu ya maji. Baba akawatazama muda mrefu, akauliza, "Wa yule mtoto ni yupi?"

Mama Pacha (Adelaide):
Umeniliza, mdogo wangu. Msalimie sana baba.

Dada wa Geelong:
Mimi nimekuja kulalamika. Seven Little Australians, Ethel Turner, 1894. Nilimnunulia binti yangu kwa sababu jalada lina watoto wanacheka, sikukisoma kwanza. Wiki nzima anamsifia Judy, mtundu kama yeye. Saa sita usiku kaja kitandani kwangu, macho mekundu: "Mama, mti umemwangukia Judy. Ulijua?" Nikamwambia sikujua. Hakuniamini hadi leo.

Kibonge:
Nani ana Blinky Bill ya zamani, kile kitabu cha koala mtundu, aniazime? Nitairudisha, safari hii kweli.

Mama Pacha (Adelaide):
Kibonge, wewe hapana. Wengine endeleeni, mimi natoka kidogo. Pacha mmoja, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, kaona kitabu mezani, anataka lamington sasa hivi.