Babu alishushwa Kamarani akienda hija. Kisiwa hiki kilikuwa cha nani?

Bint Mkunazini
Asalaam aleykum. Marehemu bibi alikuwa akinihadithia hija ya baba yake, aliyetoka Unguja kwa meli miaka ya 1920. Kabla ya Jeddah walishushwa kisiwani, "Kamarani", wakakogeshwa dawa, nguo zikatiwa kwenye mvuke. Kanzu aliyoshonewa na mama yake kwa safari ile ilitoka imerudi, ikamkomea magotini. Aliona fedheha mpaka anakufa. Kisiwa hicho kipo kweli? Na Mzungu alihusikaje na ibada yetu?

Baharia Mstaafu
Waaleykum salaam, mwanangu. Kipo, Bahari ya Shamu, pwani ya Yemen. Waturuki walifungua karantini pale 1882, Waingereza wakakiteka 1915. Waliopitia Bab el-Mandeb, Wahindi, Wajava na watu wetu, walishushwa hapo, na ada alilipa hujaji mwenyewe.

Chanzo ni kipindupindu cha 1865. Kiliua mahujaji wapatao 15,000, kikapita Suez na Misri mpaka Ulaya. Mwaka uliofuata mataifa yakakutana Istanbul kulijadili.

Ila mimi nimekula chumvi ya bahari miaka 31, na linaloniuma zaidi ni meli iliyoitwa Jeddah. Agosti 1880, chini ya bendera ya Uingereza, ilikuwa na mahujaji zaidi ya 900 kutoka Singapore na Penang. Dhoruba iliwakuta, boila zikang'oka, maji yakaingia. Karibu na Ras Asir, pembe ya Somalia, nahodha akashuka usiku kwenye mashua pamoja na mkewe na maofisa wake, akawaacha abiria. Nahodha na wenzake walipookolewa na kufikishwa Aden walisema meli imezama. Kesho yake ikaingia bandarini ikivutwa na meli nyingine, mahujaji wamo, wamekumba maji kwa mikono yao. Nahodha alinyang'anywa leseni miaka 3. Mitatu tu!

Mwalimu wa Tanga
Shikamoo mzee. Naomba niongeze: hawakuogopa maradhi peke yake. Waholanzi walifungua ubalozi mdogo Jeddah 1872 kwa sababu waliwahofia Wajava, waliokuwa chini ya utawala wao, wanaorudi na fikra za kuwapinga. Mwaka 1885 msomi wao, Snouck Hurgronje, aliishi Makka kwa jina la Abdul-Ghaffar, na baadaye akawa mshauri wa serikali yao kule Java. Hata hivyo sikubali kwamba karantini ilikuwa uonevu mtupu. Kipindupindu kilikuwa kinaua kweli.

Baharia Mstaafu
Marahaba. Kinaua, ndiyo. Lakini mtu anaweza kukukinga na maradhi bila kukuvunjia heshima. Bint, kanzu ile iliishia wapi?

Bint Mkunazini
Ahsanteni sana, wazee wangu. Babu aliporudi alimvisha mwanawe wa miaka 9 siku ya Idi, ikamfika miguuni barabara. Sasa iko kwenye kasha la shangazi, Mombasa. Sikujua kwamba ada nayo aliilipa yeye. Nikienda nitamuuliza shangazi kama alibakisha stakabadhi yoyote.