Harusi ya nyumbani Tanga mwezi wa nne: turubai, hema kubwa au ukumbi?

mtoto_wa_ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Tunamwoza dada yetu mwezi wa nne, nikahi na walima vyote hapa nyumbani Tanga. Wazee hawataki kusikia habari za ukumbi. Nimepata mwenye maturubai ya kawaida ya mabomba, na mwingine mwenye hema kubwa la fremu ya alumini, bei karibu mara tatu. Masika mnayajua. Nichukue lipi?

BombaInchiMbili
Watu wangapi? Uwanja una mita ngapi? Ardhi ni mchanga au mfinyanzi? Bati la nyumba linamwaga maji upande gani? Usiposema hayo, kila mtu hapa atakuuzia anachokipenda yeye.

Mwanajamvi
Ukumbi tu. Waambieni wazee mvua haina heshima kwa mkubwa.

mtoto_wa_ngamiani
Samahani. Watu kama 300, wanaume na wanawake wakikaa mbali mbali. Uwanja ni mita 12 kwa 16, mchanga. Barabara ya mbele tunaweza kuifunga, serikali ya mtaa hawana neno.

BombaInchiMbili
Sasa tunaongea. Sinia moja la watu wanne, ukihesabu migongo yao na njia ya wagawaji, linakula mita 2 kwa 2. Watu 300 ni masinia 75, yaani mita za mraba 300. Uwanja wako ni 192. Ama mle kwa zamu mbili, ama wanaume wahamie barabarani. Ukipata maturubai ya mita 6 kwa 12, unahitaji manne kuwalisha karibu wote kwa pamoja: mawili uwanjani, mawili barabarani.

Hema la alumini halina nguzo katikati na paa lake halilegei ovyo, hilo nakubali. Ila la upana wa mita 10 kwenye uwanja wa 12 linabakiza mita 1 kila upande. Fundi atapita wapi? Na maji ya bati yataishia kwenye pazia la hema.

kusi_kavu
Watu wanaogopa turubai kuvuja. Hatari yake ni kubeba maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, na lita 1 ni kilo 1. Mvua ya milimita 30 kwenye turubai la mita za mraba 72 ni lita 2,160. Zikiteremka zote, hakuna shida.

Balaa huanza fundi anapolaza paa ili lilingane na la jirani yake, au anapoacha kamba za pembeni zikilegea baada ya kulowa. Panatokea kishimo. Kishimo kinavuta maji, maji yanakizidisha kishimo. Likishafika bakuli la mita 2 kwa 2 lenye kina cha wastani cha sentimita 10, hizo ni kilo 400 zinazoning'inia juu ya vichwa vya watu, na bomba huanza kupinda pale kwenye kiungio. Hapo ndipo hujitokeza kijana mwerevu na mpini wa ufagio, anasukuma kwa ncha, turubai linatoboka na sinia linageuka mchuzi. Ondoeni watu chini kwanza. Sukumeni kwa kitu kipana kilichofungwa tambara, toka ukingo wa kishimo, kikiwa bado kidogo.

Mgongo wa paa uwe juu ya kingo kwa mita 1 angalau, kwa turubai la upana wa mita 6. Na fundi akikwambia mita 1 ni nyingi, tafuta fundi mwingine.

BombaInchiMbili
Na pale maturubai mawili yanapokutana muwekee gata: nailoni nzito, upana kama mita 1, ifungwe chini ya kingo zote mbili, upande mmoja uwe chini kwa sentimita 30 au zaidi, maji yaangukie nje. Mahali hapo ndipo bibi harusi huwekwa kila mara, sijui kwa nini.

Mchangani vigingi vifupi vinang'oka. Tumieni vyuma vya sentimita 80, viinamishwe kuelekea mbali na turubai. Au fungeni kamba kwenye mapipa ya lita 200 yaliyojaa maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 tu, upepo unaicheka.

BiSufuria
Mnaongea wageni tu, wanangu, jiko nani kaliuliza? Watu 300 ni mchele kilo 45, sufuria tatu za kilo 15. Pilau inapaliwa makaa juu ya mfuniko. Mvua ikipiga mfuniko, makaa yanazima na wali wa juu unabaki na kiini, hata ukichochea vipi. Jengeni kibanda cha bati, wazi pande zote. Msipikie chini ya turubai, cheche inalitoboa na moshi hauna pa kutokea. Kuni ziingie ndani siku tatu kabla. Mwezi wa nne kusi, upepo wa kusini, linaanza kuvuma, basi meko na jenereta vikae kaskazini mwa wageni.

Mwanajamvi
Ndiyo maana nasema biriani. Wali unachemshwa mbali, rosti mbali, mvua ikija unahamisha.

BiSufuria
Biriani nayo inapaliwa makaa juu, mwanangu. Umekula tu, hujapika.

kusi_kavu
Kwani lazima mwezi wa nne?

mtoto_wa_ngamiani
Ni mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Wazee wameshatoa tarehe.

kusi_kavu
Mfungo mosi unarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. 2028 utaanza mwishoni mwa Februari, kaskazi kavu kabisa.

Mwanajamvi
Mwambie bwana harusi asubiri hadi 2028, tuone. Mimi nasema dada mtu alizoea kula ukoko sufuriani, na wanasema mla ukoko hunyeshewa harusini. Masika mnayasingizia bure.

mtoto_wa_ngamiani
😂 Alikuwa anagombana nao kweli. Naelekea kwenye maturubai manne, ila mama kaliona lile hema kwenye picha na moyo wake umeshalala huko. Kesho napima upya kwa futi kamba.

BombaInchiMbili
Ukiwa na futi kamba mkononi pima na urefu wa bati. Hujajibu bado: lina gata au halina?