Nishani za Keya: nianze na Vita Kuu ya Kwanza, Burma, au Hali ya Hatari?

MjukuuWaKeya

Wakuu, salaam. Babu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki, akapelekwa Burma, akarudi. Nishani zake ziliuzwa wakati wa shida, mimi sijazaliwa. Jambo hilo limenikaa moyoni miaka mingi, na mwaka huu nimeamua kuanza kukusanya. Sitafuti cha kuuza. Ninachotaka ni kuishika nishani ya askari mmoja, nimfuatilie mpaka nijue alitoka wapi, alipigana wapi na alimalizia wapi.

Mfuko wangu unaruhusu seti moja au mbili kwa mwaka, basi sitaki kuanza vibaya. Nimezunguka na kubaki na njia tatu. Ya kwanza ni jozi ya 1914-1918, yaani British War Medal ya fedha na Victory Medal ya shaba. Ya pili ni nyota za 1939-45, hasa Burma Star, na hiyo ndiyo moyo wangu unaitaka. Ya tatu ni African General Service Medal yenye kibao cha "Kenya" kwenye utepe, ya Hali ya Hatari, yaani vita vya Mau Mau. Mngeanza na ipi, na kwa nini?

Ukingo36

Anza na ya kwanza, tena bila kusita. Geuza British War Medal uangalie ukingoni: namba, cheo kwa kifupi, jina na kikosi, vyote vimegongwa. Jina hilo ndilo unalolipia. Victory Medal nayo imeandikwa hivyo hivyo ukingoni. Ukikuta na 1914-15 Star, jina liko mgongoni.

Jifunze kusoma kikosi. "3/4 K.A.R." maana yake ni batalioni ya tatu ya rejimenti ya nne, na rejimenti ya nne ni ya Uganda. Ya kwanza na ya pili ni za Nyasaland, Malawi ya leo, ya tatu ni ya Kenya. Ukiona ya sita, ni vijana wa Tanganyika, na wengi wao walikuwa askari wa Mjerumani kabla ya kuchukuliwa na Mwingereza. Fikiria mtu aliyebeba bunduki kwa pande zote mbili za vita moja! Tarakimu mbili ukingoni zimeshakufungulia mlango huo.

Mwaka 1914 K.A.R. ilikuwa na batalioni tatu tu, na kufikia 1918 zilikuwa 22. Kwa hiyo mwenye 1914-15 Star, iliyotolewa kwa waliokuwa vitani kabla ya 1915 kwisha, ni mtu wa mwanzo kabisa, na nyota hizo ni chache kuliko jozi za kawaida. Ukikutana nayo ikiwa pamoja na jozi yake, usiiache.

Kisha unakwenda kwenye nyaraka. Kule Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, kadi za nishani ziko kwenye mfululizo WO 372, madaftari ya waliopewa yako WO 329, na shajara za vita za vikosi ziko WO 95. Jina likipatikana kwenye daftari, shajara itakuambia kikosi chake kilikuwa wapi siku hiyo. Nina jozi moja ambayo mwenyewe kikosi chake kilikuwa Mahiwa, kule Lindi, Oktoba 1917. Nilisoma shajara ile usiku mmoja, na asubuhi sikuweza kuiangalia nishani kama jana yake.

DadaMakavazi

Naungana na Ukingo36 kuhusu jina, lakini nimekaa na nyaraka hizi kwa miaka na kuna jambo lazima niseme. Jina hilo liliandikwa na karani aliyekuwa akisikia lugha asiyoijua. Mtu mmoja utamkuta kwa tahajia tatu. Mara nyingi ni jina moja tu, au jina na la baba. Ukitafuta kwa jina peke yake utapotea. Tafuta kwa namba na kikosi, jina liwe la kuthibitisha.

Na usitegemee faili la utumishi. Hata Waingereza wenyewe, mafaili ya askari wao wa vita vya kwanza, zaidi ya nusu yaliungua bohari lilipopigwa bomu London, Septemba 1940. Kwa askari Mwafrika, mara nyingi unachopata ni mstari mmoja kwenye daftari la nishani. Mstari mmoja unatosha kuanzia, ila ujue mapema kwamba huenda ukawa ndio huo huo.

Kariokor

Ndugu zangu, naheshimu mnachosema, lakini mkikusanya zenye majina tu mtakusanya historia ya wenye bunduki. Vita ile ilibebwa vichwani na mabegani. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi, na wengi wa wapagazi wale hawana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Babu wa baba yangu alikwenda na hakurudi. Hatuna nishani, hatuna karatasi. Tuna jina analoitwa mdogo wangu. Kwa hiyo nikisikia "anza na jina ukingoni" nauma meno kidogo, ingawa najua hamna nia mbaya. MjukuuWaKeya, nunua jozi ukitaka, lakini kila jozi unayoandikia historia, andika pia nani alibeba chakula na risasi za kikosi hicho. Shajara zinawataja wapagazi, kwa idadi tu.

Ukingo36

Kariokor, umesema kweli na nimeipokea. Kwenye maelezo ya jozi yangu ya Mahiwa sikuandika hata neno moja la wapagazi. Nitarudi kwenye shajara.

MzeeWaUtepe

Sasa tuje Burma, maana kijana amesema moyo uko huko na hakuna aliyemjibu.

Mwanangu, nyota za Uingereza za 1939-45 zilitolewa bila jina. Burma Star na Africa Star ziko tupu nyuma, na War Medal na Defence Medal nazo hazina jina. Yeyote anaweza kuokota nyota moja hapa na nyingine pale, akazipanga kwenye mwambaa mmoja na kukuambia ni za sajini fulani wa Keya. Nimeonyeshwa seti za namna hiyo mara nyingi, nyingine na watu waliokuwa wakiniangalia machoni. Bila karatasi, unanunua chuma na hadithi ya muuzaji.

Karatasi ndiyo seti. Daftari la malipo, cheti cha kumaliza utumishi, picha. Mimi siku hizi nanunua karatasi kwanza, na nishani zikiwepo ni nyongeza. Picha usiidharau. Ukiona begani kichwa cha kifaru, huyo ni wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walioshuka bonde la Kabaw mvua za 1944 na kuingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba mwaka huo. Utepe nao unasema. Wa Burma Star una nyekundu katikati, buluu pande zote mbili, na mstari wa rangi ya chungwa ndani ya kila buluu. Wa Africa Star una rangi ya mchanga wa jangwani, na kwa vita vya kuwatoa Waitalia Abyssinia (Ethiopia) na Somalia, Keya walistahili huo.

Kama unataka vita vya pili NA jina, iko njia ya nne ambayo hukuitaja. Afrika Kusini waliandika majina kwenye nyota zao. Divisheni yao ya kwanza ilipigana Abyssinia pamoja na Keya. Herufi N mbele ya namba ni mtu wa Native Military Corps, Mwafrika mwenzetu. Hazina cheo wala kikosi, ila namba na jina vipo.

MjukuuWaKeya

Mzee, asante, ingawa imeniuma. Kwa hiyo hata nikiziona nishani za babu leo dukani siwezi kuzitambua?

MzeeWaUtepe

Hapana, mwanangu. Zikiwa peke yake, hapana. Ndiyo maana nasema usizitafute. Mtafute yeye.

DadaMakavazi

Naye anatafutika. Shajara za vikosi vilivyopigana Burma ziko Kew, mfululizo WO 172. Unachohitaji ni batalioni. Ukiwa na namba ya batalioni unaweza kumfuata siku kwa siku tangu Imphal, hata kama jina lake halimo, maana askari wa kawaida hawatajwi ila wakifa, wakijeruhiwa au wakipewa tuzo.

Waulize wazee wa nyumbani maswali madogo. Usiulize "babu alipigana wapi?" Uliza alipanda meli wapi, alikuwa miguu au mizinga, rafiki yake alitoka kabila gani, waliitana vipi. Mtu mmoja alikuja kwangu na neno moja tu la bibi yake: "mizinga, meli ilizama." Hilo lilitosha. Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldives, ikiwa na rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Walikufa karibu watu 1,300. Tulikwenda naye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, akasoma ukuta wa kumbukumbu kwa kidole mpaka akafika.

Gikuyu_wa_Aberdare

Nimesubiri mtu aseme kuhusu ile ya tatu. Nitasema mimi.

Kwa mkusanyaji ni rahisi kuliko zote: ni ya fedha, ina sura ya Malkia Elizabeth, jina liko ukingoni, na ilitolewa kwa aliyetumikia siku 91 au zaidi kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Wapo wajane na watoto wanaomkumbuka mwenyewe, kwa hiyo historia yake inaweza kuandikwa kutoka kinywani.

Lakini kwetu nyumba moja ilikuwa na mtoto msituni na mwingine katika Keya. Baba yangu mdogo aliipata nishani hii, na kaka yake alikuwa Manyani, kambi ya kuwafungia watuhumiwa wa Mau Mau. Nishani ilikaa chini ya sanduku, haikuvaliwa hata siku moja. Ukiinunua, unanunua na kimya hicho. Sikukatazi. Nakuomba tu usimwandikie historia mwenye nishani bila kuwaandikia waliokuwa ng'ambo ya pili ya waya, na usibishe hodi kwa watu ukiwa na kamera siku ya kwanza. Nenda mara tatu ukiwa mgeni wa kawaida. Mara ya nne ndipo uulize.

Lindi1917

Wakuu, je, askari wa upande wa Mjerumani? Kwetu kusini ndio wengi.

Ukingo36

Kwa jina ni shida zaidi. Ujerumani haikuwa na nishani ya kampeni kama hizi za Mwingereza. Msalaba wa Heshima wa vita vile ulianzishwa 1934, na hauna jina. Jina liko kwenye cheti chake. Ushauri wa Mzee unafaa huko kuliko kote: karatasi kwanza.

Na MjukuuWaKeya, kabla hujatoa pesa kwa jozi yoyote ya kwanza, beba kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo. Kipenyo cha British War Medal ni milimita 36. Ikipungua, huenda ukingo umesuguliwa ili jina lifutwe na jingine ligongwe. Pitisha ukucha pia, ukingo uliokwanguliwa una bonde. Na ukikuta Victory Medal peke yake usishangae: bei ya fedha ilipopanda sana kuelekea 1980, British War Medal nyingi ziliyeyushwa. Yenye jina linalosomeka, hata ikiwa peke yake, mimi nachukua.

MzeeWaUtepe

Na usizing'arishe! Dawa ya kusugulia shaba inakula herufi. Futa kwa kitambaa laini kikavu, basi. Utepe wa zamani uache ulivyo hata ukichanika, na usihifadhi kwenye mifuko ya plastiki laini inayonuka, inatoa mvuke unaoharibu.

Kariokor

La mwisho kwangu. Ukifika kwa familia ambayo bado inayo, usinunue. Piga picha pande zote na ukingo, andika maneno ya mwenye nyumba, waachie nakala. Familia yako imeshaonja zikiondoka.

Ukingo36

Hapo tunatofautiana. Nimeona familia zikimpelekea sonara akayeyusha wiki iliyofuata. Nikinunua mimi, jina linabaki.

Kariokor

Basi waambie kwanza ni ya nani na ina thamani gani, kwa ukweli wote. Wakishajua na bado wanataka kuuza, nunua.

Ukingo36

Hilo nakubali.

MjukuuWaKeya

Nimesoma yote mara mbili. Nimeamua: pesa ya mwaka huu ni ya jozi moja ya kwanza yenye jina, ya rejimenti ya sita nikiipata, na nitaandika wapagazi wake kama Kariokor alivyosema. Burma sinunui kitu. Ya Hali ya Hatari nimeiacha mpaka nikue kidogo katika kazi hii.

Jana nilimpigia shangazi nikamuuliza maswali madogo ya DadaMakavazi. Alinyamaza, akaniambia nisubiri. Jioni akatuma picha ambayo sikujua ipo. Babu amesimama na wenzake wawili, kofia imeinama upande, na begani, nimekuza mpaka imeanza kuvunjika, ni kichwa cha kifaru. Nyuma kuna tarakimu za penseli, mbili za mwisho zimefutika.

DadaMakavazi

Usiisugue hiyo nyuma. Ipige picha mwanga ukitoka upande, si kwa juu, alama ya penseli huonekana kwa mkandamizo wake. Kisha niandikie tarakimu zilizobaki, na neno lolote la kikosi hata kama ni herufi moja.